Kukalisha upya vyuma vya sitaha kwenye boti ya faiba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila masika ikianza simu zinafanana. Boti imelala Msasani au Kunduchi, hapa Dar, haijatoka wiki mbili, mwenyewe anafungua mlango wa kabini anakuta godoro limelowa na dari inanuka uvundo. Swali la kwanza huwa ni "fundi, gundi gani nzuri?" Nimelijibu mara nyingi mno, nikaona heri niyaweke majibu yote mahali pamoja. Hilo la gundi nitalichelewesha makusudi, maana kwa kawaida tatizo si gundi. Ni tundu.

Kitanda cha mbele kinalowa kila mvua ikinyesha, lakini juu sioni ufa wowote. Maji yanapita wapi?

Mara nyingi yanashuka na bolti. Chuma chochote kilichofungwa juu ya sitaha kimetobolewa tundu, na tundu hilo linalindwa na utando mwembamba wa gundi uliowekwa siku boti inatengenezwa. Boti ya miaka 20 ina gundi ya miaka 20. Jua limeikausha, kamba zimekivuta chuma huku na huku, utando umeachia upande mmoja.

Kinachowachanganya watu ni kwamba maji hayadondokei pale yanapoingilia. Yakishafika chini ya sitaha yanaikuta dari ya ndani, yanatambaa juu yake kufuata mteremko, yanatafuta ukingo au tundu la taa, hapo ndipo yanadondoka. Niliwahi kuhangaika na dirisha siku nzima, nikaling'oa na kulirudisha, kumbe maji yalikuwa yanaingilia kwenye nguzo ya uzio iliyo karibu mita 2 mbele yake. Mwenye boti alinilipa kazi ya dirisha. Ya nguzo nilifanya bure, kwa aibu.

Siku hizi nafanya hivi. Naiteremsha dari ya ndani mpaka nati zote zionekane, kisha kila nati naizungushia kipande cha karatasi ya chooni. Kijana anabaki ndani na tochi, mimi napanda na mpira wa maji. Naanza na chuma kilicho chini kabisa, nakimwagia dakika kumi bila presha, ndipo nasogea kwa kinachofuata juu yake. Ukianzia juu, maji yatatiririkia vyote na hutamjua mwizi. Karatasi ikilowa hata tone moja inabadilika rangi papo hapo, na kijana anapiga kelele. Kama boti iko majini na hakuna bomba, ndoo na kopo vinatosha, ila uwe na subira.

Mnaposema "vyuma vya sitaha" mna maana gani hasa?

Pembe za kufungia kamba, ambazo wengine huziita kliti. Nguzo za uzio na vikalio vyake, reli ya omo (mbele ya boti), bawaba, roda, winchi, mdomo wa kujazia mafuta, taa, matundu ya hewa. Chochote kilichokazwa kwa bolti au skrubu kupita kwenye sitaha. Cha plastiki nacho kimo.

Nilizungushia silikoni pembeni mwa chuma, ikatulia miezi miwili, sasa inavuja tena. Kwa nini?

Kwa sababu uliziba kwa nje. Ile methali ya ufa na ukuta imewaponza wengi kwenye boti: mtu anaona ufa, anauziba kwa juu, anaenda zake. Mstari wa silikoni pembeni mwa chuma hauna nguvu yoyote. Kamba ikivuta, chuma kinanyanyuka kidogo sana, pengine unene wa karatasi, na mstari unaachia mahali usipopaona. Maji yanaingia kwa urahisi na yanatoka kwa shida, maana sehemu nyingine zote umezifunga wewe mwenyewe.

Baya zaidi ni masalia yake. Silikoni ikishapakwa inaacha utando usioonekana, na baada ya hapo rangi haishiki, epoksi (resini ya kuchanganya sehemu mbili) haishiki, gundi nyingine haishiki, hata silikoni mpya haiishiki vizuri ile ya zamani. Itabidi uikwangue kwa wembe, uifute kwa kiyeyushi, kisha upige msasa, na bado utakuwa na wasiwasi. Mimi nikiletewa boti iliyopakwa silikoni kila chuma, bei inapanda, na nasema wazi kwa nini.

Mafundi wa majahazi wanapiga kalafati, yaani wanaziba mishono ya mbao kwa pamba na sifa (mafuta ya samaki), na vyombo vinakwenda miaka. Kwa nini faiba isifanyiwe hivyo?

Swali zuri, na mara nyingi anayeuliza ni mtu aliyekulia pwani. Kalafati inafanya kazi kwa sababu mbao inakunywa maji. Pamba iliyolowekwa mafuta inapigwa kwenye mshono, chombo kinashushwa, mbao zinavimba na kuibana pamba. Ndiyo maana chombo kilichokaa juu ya mchanga muda mrefu huvuja siku za kwanza, kisha hutulia chenyewe.

Faiba haivimbi. Kilichomo ndani ya sitaha ya faiba ndicho kinachovimba, na kuvimba huko ndiko kunakobandua ngozi. Sifa nayo ni mafuta, na mafuta ni adui wa kila gundi nitakayoitaja hapa chini.

Ndani ya sitaha kuna nini?

Ukiikata utaona kama sandwichi. Juu ngozi ya faiba yenye milimita chache, chini ngozi nyingine nyembamba zaidi, katikati kitu chepesi: balsa, plaiwudi, au povu gumu. Kazi yake ni kuzitenganisha ngozi mbili ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Balsa hukatwa vipande vidogo vilivyosimamishwa, nyuzi zake zikitazama juu, kwa hiyo maji hayakimbii haraka kwenda pembeni. Plaiwudi inayapeleka mbali zaidi kupitia tabaka zake. Povu halinywi kama mbao, lakini maji yanaweza kukaa kati yake na ngozi.

Boti nyingi ndogo za uvuvi na za kubeba abiria nilizozifungua hapa hazina sandwichi. Ni faiba tupu, na chini yake boriti za mbao zilizofunikwa kwa faiba. Usishangilie mapema. Skrubu iliyopigwa kwenye boriti hiyo inapeleka maji ndani yake vilevile, na mbao iliyofungiwa ndani ya faiba inaoza kimyakimya hadi siku mguu unapozama.

Nitajuaje kama ubao umeshaoza?

Chukua bisibisi, ishike upande wa chuma, gonga sitaha kwa mpini wake. Anzia mahali palipo mbali na chuma chochote, masikio yazoee mlio wa sitaha nzima: mkavu, mfupi, wa juu. Kisha sogea taratibu kuelekea kwenye pembe ya kamba. Mlio ukibadilika ukawa mzito, kama unagonga boksi lenye nguo, weka alama ya chaki. Zunguka mpaka uchore mpaka wote wa ugonjwa. Kazi hii ifanye asubuhi, kabla mashine na redio za jirani hazijaanza.

Dalili nyingine unaziona kwa macho. Machozi ya kutu yanayoshuka kutoka chini ya kikalio. Nyufa nyembamba kwenye gelikoti, lile tabaka la nje lenye rangi, zinazotapakaa kama mizizi kutoka kwenye tundu la bolti, ambazo mara nyingi zinasema kuna mahali panapinda kuliko inavyopaswa. Sitaha inayobonyea ukikanyaga. Na ukilegeza nati kwa chini yakatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, jibu umelipata bila kugonga.

Ukitaka uhakika, toboa tundu dogo la milimita 5 kutokea chini, ndani ya alama yako, ukiishia kabla ya ngozi ya juu. Itazame takataka inayotoka na biti. Unga mkavu wa rangi ya krimu ni habari njema. Ukitoka uji wa kahawia unaonuka kama majani yaliyooza, soma swali la mwisho kabisa kuhusu sitaha iliyoharibika eneo kubwa kabla hujagusa kingine.

Naanzaje kung'oa chuma bila kuvunja sitaha?

Watu wawili, mmoja juu na bisibisi, mwingine chini na spana. Nati ikigoma mpe kilainishi na muda, usimpe nguvu. Bolti zikishatoka, chuma kitabaki kimeng'ang'ania gundi, na hapo ndipo watu wanachukua mtaimbo. Usichukue mtaimbo. Gundi ya polyuretheni inaweza kuwa na nguvu kuliko mshiko wa gelikoti kwenye faiba, kwa hiyo chuma kitatoka na ngozi ya boti.

Chukua mshipi wa kuvulia, ule mnene, zungushia vijiti viwili kwenye ncha zake, upitishe chini ya ukingo wa chuma na uvute huku na huku kama msumeno. Unakata gundi polepole bila kugusa faiba. Joto kidogo la mashine ya upepo wa moto husaidia, ila kiganja kiweze kuvumilia pale ulipopasha. Usipovumilia wewe, resini nayo haivumilii.

Sasa tundu. Linatengenezwaje?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukipafanya vizuri, hata gundi ikija kushindwa miaka ijayo, maji hayatagusa ubao. Yatadondoka ndani ya kabini, utayaona, utakasirika, utarekebisha. Sitaha itabaki salama.

Tuseme bolti ni ya milimita 8. Panua tundu la juu liwe milimita 12 hivi. Kwa chini nabandika tepu, sipanui ngozi ya chini nikiweza kuepuka. Kisha nachukua msumari wa inchi tatu, nakata kichwa, naupinda ncha uwe kama ndoano, naufunga kwenye drili. Ukizungusha taratibu ndani ya tundu, ndoano inaukwangua ubao kati ya ngozi mbili bila kuzigusa ngozi zenyewe. Nakwangua karibu milimita 10 kuzunguka tundu lote, au zaidi, mpaka unga unaotoka uwe mkavu na msafi. Nanyonya vumbi, nachungulia na tochi.

Ubao ukiwa na unyevu, simama. Epoksi iliyomwagwa juu ya ubao uliolowa inafungia ugonjwa ndani. Acha tundu wazi, funika boti kwa turubai lililoinuliwa upepo upite chini yake, na usubiri. Wakati mwingine siku tatu, wakati mwingine wiki tatu. Asetoni ya kufutia haikaushi ubao uliojaa maji, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Ukishakauka, mimina kwanza epoksi nyepesi isiyo na unga wowote, uiache ubao uinywe dakika kadhaa, inayobaki uivute kwa sindano. Halafu changanya nyingine na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, uiingize kwa sindano kuanzia chini kwenda juu ili hewa isibaki. Juu acha iinuke kidogo, maana itashuka.

Kuna siri ya saa. Usijaze tundu asubuhi. Jua linavyopanda, hewa iliyomo kwenye ubao inatanuka na kupuliza mapovu kwenye epoksi yako, na kesho utakuta tundu lina vishimo kama mkate wa kumimina. Jaza saa kumi jioni, sitaha inapoanza kupoa. Hewa inasinyaa na kuivuta epoksi ndani. Funika kwa nailoni dhidi ya umande.

Kesho yake osha kwa maji na sponji ngumu, kwa sababu epoksi nyingi huacha utando wa mafutamafuta juu unaoziba msasa na kuzuia gundi. Piga msasa mpaka usawa wa sitaha, kisha toboa tena milimita 8 katikati ya kile kizibo. Sasa bolti inapita kwenye nguzo ya epoksi. Haigusi ubao kabisa, na hata ukikaza sana huwezi kuiponda sandwichi.

Hatua ya mwisho inarukwa na mafundi wengi: panua mdomo wa tundu kwa juu kwa biti ya koni, uwe kama faneli ndogo yenye kina cha milimita 2 au 3. Faneli hiyo inahifadhi pete nene ya gundi kuzunguka bolti. Bila yake, ukikaza nati gundi yote inakimbilia nje na kinachobaki ni utando usioweza kunyumbuka.

Madukani nimepata resini ya polyesta tu. Haifai?

Kwa kuundia bodi inafaa, boti nyingi zimejengwa nayo. Kwa kujaza matundu kwenye faiba ya zamani naikwepa: inasinyaa ikikauka, na mshiko wake juu ya kazi iliyokwisha kukauka ni dhaifu ukilinganisha na epoksi. Tundu moja linataka epoksi ya vijiko vichache, kwa hiyo usibane hapo.

Na usizichanganye tabia za polyesta na za epoksi. Polyesta hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, huwa kama asilimia 1 hadi 2, unapunguza siku ya joto. Epoksi ina kipimo chake cha kiwandani, na hakibadilishwi. Ukiongeza hadina kwenye epoksi ili iwahi, haiwahi, inabaki laini milele. Kwa joto la Dar tafuta hadina ya polepole, changanya kidogokidogo, na mimina kwenye sahani bapa badala ya kikombe. Epoksi nyingi ndani ya chombo chenye kina inajipasha yenyewe. Januari moja nilikuwa Kigamboni nachanganya huku naongea na simu, kikombe cha plastiki kikaanza kutoa moshi na kuyeyuka mkononi. Nilikitupa mchangani, mbwa wa jirani akakimbia.

Haya, gundi gani?

Tumefika. Kwa vyuma vingi vya juu ya maji mimi natumia utepe wa butili. Ni laini kama ubani uliotafunwa, haukauki, unanyumbuka na chuma, na siku ukitaka kukifungua kinafunguka bila vita. Unakata mkanda, unaubandika chini ya chuma, unasokota kamba nyembamba na kuizungusha shingoni mwa kila bolti chini ya kichwa. Ubaya wake: haupendi mafuta ya petroli na dizeli, haufai chini ya maji, na ukiacha ukingo mnene juani utakusanya vumbi ukawa mweusi.

Mdomo wa kujazia mafuta upewe gundi ya polysalfaidi, inayohimili mafuta. Ila polysalfaidi usiiguse na madirisha ya plastiki ngumu wala vifaa vya plastiki laini, baadhi inazipasua.

Polyuretheni, zile za kwenye mirija kama Sikaflex au 3M, ni nzuri mahali palipo na mvutano mkubwa na usipotarajia kufungua. Soma aina. 3M 5200 ni ya ndoa ya Kikristo, kuitoa ni kazi kubwa. 4200 ina huruma. Zote zinakauka kwa unyevu wa hewa, na hapa unyevu si haba, kwa hiyo mrija uliofunguliwa leo mwezi ujao umeganda kama jiwe. Tazama tarehe kabla hujalipa.

Silikoni? Kwa kioo cha chooni nyumbani. Hasa ile inayonuka siki, harufu hiyo ni tindikali na haitaki urafiki na chuma.

Mafundi wenzangu watapinga kuhusu butili na polyuretheni. Tundu likiwa limejazwa epoksi, wote tuko sawa. Likiwa halijajazwa, wote tumekosea.

Kukaza je? Nikaze mpaka mwisho?

Zungusha nati, usizungushe bolti. Wa juu anashika kichwa kwa bisibisi kisitikisike, wa chini ndiye anayekaza. Bolti ikizunguka inaikata ile pete ya gundi uliyohangaika nayo.

Butili inatoka polepole. Kaza mpaka ianze kuchungulia pande zote, acha, rudi kesho, kaza robo mzunguko, rudi keshokutwa. Siku ya jua kali inatoka haraka, kwa hiyo punguza mkono. Polyuretheni naikaza mara moja, kwa kiasi, na ile faneli inanilindia pete. Ikichungulia iache ikauke, uikate kwa wembe. Ukiifuta ikiwa mbichi utapaka boti nzima, na suruali.

Kwa chini, washa ndogo zinatosha?

Hapana. Pembe ya kufungia kamba inabeba boti yote siku kusi linapovuma. Washa ndogo inazama kwenye ngozi ya chini kama kisigino kwenye tope. Weka bamba: alumini ya milimita 5, au faiba ngumu iliyokatwa kutoka kwenye boti iliyokufa, au plaiwudi iliyopakwa epoksi pande zote pamoja na kingo. Kubwa kuliko kikalio cha juu, kona zake zimeviringishwa. Sehemu ikiwa na mkunjo, likalishe bamba kwenye epoksi nzito lilale sawa.

Usipake gundi ya kuziba kwa chini, kwenye nati. Ni kuficha ushahidi. Ukivuja juu, unataka uone tone chini.

Bolti za stenlesi nilizonunua zimeota kutu. Nimeuziwa feki?

Pengine, pengine siyo. Tazama kichwani: A2 ni daraja la 304, A4 ni la 316, na kwenye chumvi unataka A4. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo utapata zote mbili kwenye boksi moja, kwa hiyo chagua moja moja, dukani palepale, usione haya.

Lakini hata A4 inakufa ikikosa hewa. Stenlesi inajilinda kwa utando mwembamba unaohitaji oksijeni. Bolti iliyozama kwenye ubao uliolowa, bila hewa, utando unavunjika na chuma kinaliwa. Nimechomoa bolti ya milimita 8 inayong'aa kichwani na kung'aa kwenye nati, katikati imebaki unene wa kijiti cha kiberiti. Ilikuwa imeshika nanga. Tangu hapo bolti za zamani za nanga sizirudishi, hata zikiwa nzuri machoni.

Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi ikikazwa haraka kwa mashine inauma na kuganda. Paka grisi, kaza kwa mkono. Na stenlesi ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini inageuka unga mweupe. Tenganisha kwa gundi au grisi nzito.

Msimu gani mzuri kwa kazi hii Dar?

Juni hadi Septemba. Mvua zimepungua, kipupwe kimepoza sitaha, epoksi inakupa muda. Kusi linarusha mchanga, kwa hiyo geuza boti au weka kinga. Januari na Februari pakavu pia lakini joto linakukimbiza. Machi hadi Mei usifungue tundu ambalo huwezi kulifunga jioni ileile.

Naweza kufanya boti ikiwa majini?

Vyuma vya sitaha, ndiyo, nanga imeshika na siku imetulia. Valvu na chochote kilicho chini ya mstari wa maji, hapana. Kuna wanaosubiri bamvua, maji yakitoka wanaivamia boti mchangani. Maji yanakupa saa chache tu kabla hayajarudi, na gundi inataka siku. Ipandishe juu.

Vumbi la faiba linawasha. Kuna hatari zaidi ya hapo?

Ipo. Barakoa ya vumbi ya maana, miwani, mikono mirefu. Ukijipaka poda mikononi kabla ya kazi muwasho unapungua, na kuoga uanze na maji ya baridi. Epoksi ikikugusa kila siku ngozi inaweza kuikataa, na ikishaikataa hairudi nyuma. Najua fundi aliyeacha kazi kwa ajili hiyo. Vaa glovu.

Hadina ya polyesta ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 bila kusimama, kisha hospitali. Na hadina hiyo kamwe usiikutanishe moja kwa moja na kobalti, ile rangi ya zambarau ya kuharakishia. Vinalipuka. Kila kimoja kinachanganywa peke yake kwenye resini.

Nimegonga, alama ya chaki imekuwa kubwa kama meza. Nifanyeje?

Hapo matundu hayatoshi. Ngozi ya juu inakatwa kwa grainda, inanyanyuliwa kama kifuniko, ubao uliooza unachotwa wote hadi kwenye mkavu, unawekwa mpya juu ya epoksi, kifuniko kinarudishwa. Mshono unachongwa mteremko mrefu, kama mara 12 ya unene wa ngozi, ndipo unafunikwa kwa tabaka za faiba. Usikubali ile njia ya kutoboa vitundu vingi na kusukuma epoksi kwenye ubao mbovu. Epoksi haipiti kwenye ubao uliojaa maji, inakaa palipo wazi tu.

Sehemu ngumu kuliko zote ni rangi. Utanunua gelikoti nyeupe, utapaka, na utaona baka. Nyeupe ya boti yako siyo nyeupe tena, imepigwa na jua miaka. Ongeza tone la njano na la kahawia, paka juu ya kipande cha faiba, kiache kikauke, kiweke juani karibu na sitaha utazame. Rudia. Ukipata, tabaka la mwisho liwe na nta au lifunikwe kwa nailoni, la sivyo hewa italifanya libaki linanata, na kila mbu wa Msasani atabaki hapo.